Panga Moja la Chuma

Mapanga yote uwanjani siku ile yalikuwa ya mti, isipokuwa moja. Hilo moja lilikuwa mkononi mwa Fidencio Zárate, limepakwa chokaa kama mengine kuanzia ncha hadi mpini lisije likajulikana, na makali yake aliyatia mama yake mwenyewe kabla ya kumpandisha basi.

Mbele yake, katikati ya uwanja wa kanisa la San Telmo, Mtakatifu Yakobo alikuwa akipigwa. Ndivyo sikukuu yake ilivyo. Mwanamume mmoja hujifunga kiunoni farasi wa mbao, hufunikwa uso kwa kitambaa cheupe, na wanaume arobaini wenye vinyago humshambulia mpaka aanguke. Wanawake humlilia. Kengele ikilia anafufuka, vinyago vinavuliwa, watu wanakwenda kula. Si mchezo wa kubembelezana. Asubuhi ile pua mbili zilikuwa zimeshavunjika, na mzee mmoja alitema jino, akalipangusa, akalitia mfukoni.

Fidencio hakuja kucheza. Alikuja kwa ajili ya kaka yake Anselmo, aliyechinjwa kwenye mapigano ya majogoo huko kaskazini, miaka mitatu iliyopita, na mtu wa San Telmo aitwaye Bonifacio Arriaga. Sura ya mtu huyo hakuijua, alikuwa na jina tu. Aliingia mjini jana yake mchana kama mtalii, kofia pana kichwani na kamera shingoni, akapiga picha matao ya mawe na chemchemi, huku akimchunguza kila mwanamume aliyepita.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya mwanamke aitwaye Domitila.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akimfungulia mlango. Shavu lake lilikuwa limevimba. Alidai ameanguka ngazini. Mumewe hayupo, alieleza, na usiku huu hatarudi. Alimpakulia maharage na tortilla kwa mkono mmoja, wa pili ameufunga ndani ya shali.

Fidencio alipomtaja Bonifacio, mama yule hakushtuka. Kwanza alifunga mlango wa jikoni.

"Unamtakia nini?"

"Alimuua kaka yangu."

Domitila alimtazama kitambo, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Basi kesho usimuulize mtu yeyote," alisema. "Siku ya sikukuu, kabla kengele haijalia, kumtaja mchezaji kwa jina ni kumharibia nadhiri. Watakutoa meno. Mimi nakwambia mara moja tu. Anayejitolea kuwa Mtakatifu ni mtu mwenye dhambi nzito, anayetaka mji umpige ili Mungu amsamehe. Mwaka huu ni yeye."

"Una hakika, mama?"

"Kitambaa cha uso nimekishona mimi."

Akaongeza kwamba kinyago atakipata kanisani, mgeni hanyimwi. Kweli hakunyimwa. Asubuhi jamaa mmoja mnene, mwenye kinyago cha manyoya ya nyumbu, alimpa kinyago chake cha akiba, akamfunga kamba za kisogoni na kumnywesha pombe kali ya mezkali. Kwa kuwa majina yalikatazwa, alimwita kompadre tu.

"Piga mapaja na mgongo, kompadre. Kichwa mwachie Mungu."

Fidencio alimpenda palepale. Alisikitika kwamba hatapata nafasi ya kumuaga.

Ngoma ikaharakisha, wenye vinyago wakasogea, naye akajipenyeza kati yao. Mtakatifu alikuwa na mkono mzito. Alimpasua mtu mdomo kwa upanga wake wa mti, akacheka ndani ya kitambaa, na kicheko kile kilimkausha Fidencio huruma yote aliyokuwa nayo. Akilini alimwona Anselmo chini, kwenye manyoya ya majogoo, ameshika shingo kwa mikono miwili. Akainama chini ya bega la Mtakatifu, akasukuma. Panga likazama ubavuni mpaka likagusa mfupa. Akalizungusha kama alivyofundishwa kuchinja nguruwe.

Mtakatifu alikishika kitambaa chake cha uso, akasema neno ambalo ngoma ililimeza, akaangukia farasi wake wa mbao. Wengine waliendelea kumtwanga, maana ndivyo inavyotakiwa. Umati ulishangilia.

Wanawake wakatoka kanisani kulia. Domitila alitangulia. Alijitupa juu ya aliyeanguka, akamfunika ubavu kwa shali lake, akapiga yowe lililowanyamazisha hata wauza karanga.

Fidencio alirudi pembeni. Alijihisi mwepesi, na alitamani kulia yeye pia. Kengele ikalia. Mtakatifu hakuinuka. Watu wakacheka, wakasema mwaka huu kalewa kupita kiasi. Basi la kaskazini lilikuwa likiunguruma nyuma ya soko, lakini mama yake alitaka aletewe habari za uso wa muuaji, naye akangoja kitambaa kifunuliwe.

Jamaa mnene akaja kusimama kando yake, akihema, akihangaika na kamba za kinyago. Kengele ilishalia, majina yalikuwa huru. Na Domitila bado alikuwa akilia, kilio kirefu ambacho Fidencio alishindwa kukielewa.

"Kompadre," alimuuliza, "huyo Bonifacio Arriaga ana nini na yule mama hata amlilie namna ile?"

Jamaa alivua kinyago, akajifuta jasho, akamtazama kwa mshangao wa kirafiki.

"Bonifacio ni mimi, kompadre, na mimi na yule mama ni salamu tu," alisema. "Yule anamlilia mumewe."