Kabati la Kijani

"Kabati la marehemu mama hilo, wifi! Nani kakuruhusu kulikwangua?" alifoka Raya, dada wa mume wa Mwanasiti.

Mwanasiti hakugeuka. Tangu asubuhi alikuwa akipiga msasa milango ya kabati la jikoni, vumbi la kijani limemjaa hadi kwenye kope. La mama! Miaka kumi na minane amelisikia neno hilo akalimeza. Aliingia na kabati hilo nyumba hii akiwa bibi harusi, kazi ya mikono ya baba yake seremala. Wiki ya pili mama mkwe akalipaka rangi nzito ya mafuta, na tangu siku hiyo likaitwa la mama.

"Nasema na wewe! Kesho nakuja kulichukua."

"Kwa nini kesho? Lichukue sasa hivi."

Mwanasiti alipuliza vumbi, akasogea pembeni. Kwenye ubao mwekundu wa mninga yalionekana maneno yaliyochongwa kwa patasi: *Kwa mwanangu Siti, siku ya harusi yake.*

Raya aliinama, akasoma.

Mwanasiti akamnyooshea kipande cha msasa.

"Haya, wifi. Futa."