Mstari wa Chaki

Fundi Hamadi alichora mstari wa chaki ukutani, pembeni ya mlango wa bafu. "Nikishagonga nyundo hapa, mama, hakuna kurudi nyuma. Mzee amekubali?"

"We panua mlango tu," Mwanaisha alimnong'oneza. "Nitamwambia tunaingiza kabati."

"Kabati bafuni?" Fundi alicheka, kisha akamwangalia usoni na kicheko kikamkauka.

Daktari alishasema miguu ya mumewe, Mzee Kombo, haitamfikisha mbali, akanunue kiti cha magurudumu mapema. Mzee alitoka pale amenuna. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukitaja kiti mbele yake.

Mara akatokea mwenyewe, anajishikilia ukutani, mguu mmoja unaburuta. "Hiyo chaki ya nini?"

"Ya kabati, Baba Semeni," Mwanaisha akasema, macho chini.

"Kabati."

Akajikokota mpaka mlangoni, akasimama katikati. Akatanua viwiko na kuvisukuma mbele taratibu, kama mtu anayezungusha magurudumu. Kiwiko cha kulia kikagonga ukuta, nje kidogo ya ule mstari.

"Hapa nitachubuka kila siku. Lete chaki."

Akachora mstari wake mbele zaidi. Ukapinda kama njia ya mchwa.

"Sasa nifuate upi?" fundi akauliza.

Mwanaisha alisogea ukutani. Alishika pindo la kanga yake, akaanza kuufuta ule ulionyooka.