Shavu Laini

Mara ya kwanza picha ilitoka na chembechembe, nukta za wino zikionekana mojamoja kama mchanga uliomwagwa usoni. Mchapaji akabadili mpangilio wa nukta, akazifanya ndogo zaidi na kuzitawanya. Zilizogoma kutoka mashavuni akazilainisha kwenye kompyuta. Safari hii uso wa marehemu ukatoka laini kama hariri.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Picha ya binti yako hii hapa."

Mama aliitazama, akasahau kuitikia.

"Vishimo vyake vya tetekuwanga viko wapi?"

Kumbe zile za mashavuni hazikuwa nukta za wino. Mchapaji akaigeukia kompyuta.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni mashine. Navirudisha sasa hivi."

"Ngoja kwanza." Akaivuta picha karibu. "Maisha yake yote aliutamani uso huu. Kila akilia mbele ya kioo namwambia, uzuri ni tabia, mwanangu. Nami najiona nimemfariji."

Kidole gumba chake kikalipapasa lile shavu, kikivitafuta vishimo. Wino ulikuwa haujakauka. Mchapaji aliuona ukisambaa, asimzuie.