Tui la Tangini

Tangu sheria iistaafishe minazi na kuwaacha ng'ombe wazeeke kwa raha zao, mafuta yote yalitoka kwenye matangi ya Dkt. Mwanakheri, aliyemaliza ujana wake maabarani akichunguza mafuta ya mimea na wanyama. Mji mzima uliyasifu, isipokuwa wifi yake, Bi Tatu, aliyemwita mpika sabuni. Huyo ndiye pekee aliyebaki aliyewahi kukuna nazi.

Leo Mwanakheri akamtengea wali wa tui la tangini. Bi Tatu akaonja, akakwangua hadi ukoko.

"Wifi, umeniweza! Ndilo lenyewe!"

Mwanakheri akapiga kigelegele, akazunguka jiko zima na mwiko.

"Au," Bi Tatu akauliza, akilamba kidole, "nimeshasahau lenyewe lilikuwaje?"

Mwanakheri akashusha mwiko. Hakuwepo mwingine wa kumuuliza.