Nati Mbili za Kushoto

Kwa Jumamosi ya tatu mfululizo, Muthama alizikuta nati mbili za magurudumu ya kushoto zimelegea. Alipiga goti juu ya kokoto za ua, huko Loresho, akaishika ile ya mbele kwa vidole viwili, nayo ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Fundi, umerudi tena?" Were, mlinzi wa lango, alimchokoza. "Wewe na hii gari si muoane tu?"

"Bado natafuta mahari," Muthama alijibu bila ya kucheka.

Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, lililoundwa Uingereza mwaka wa 1958. Maisha yake yote lilitembelea magurudumu ya chuma kitupu, hadi mwaka huo wa 2006, Wahu alipoagiza magurudumu ya spoku kumtunuku baba yake, Mzee Gichuru, kwa kutimiza miaka sabini. Muthama ndiye aliyeyafunga. Kila gurudumu lilishikwa na nati moja tu katikati, yenye masikio mawili, ambayo hukazwa na kufunguliwa kwa kugongwa nyundo. Siku hiyo ya kuyafunga mzee hakutoka ndani. Were ndiye aliyesimama karibu, akimpokeza fundi vyombo vyake.

Mzee hakuwa ameshika usukani tangu azikwe mkewe, Waithera, miezi kumi na minne iliyopita. Wahu aliona kwamba imetosha. Kila Jumamosi alikuja kutoka Kileleshwa ili baba yake ajaribu gari barabarani, na kila Jumamosi nati zilikutwa zimelegea, safari ikavunjika, fundi akaitwa kutoka Kangemi. Na kesho yake msafara wa magari ya kale ungeondoka katikati ya jiji kwenda Karen.

Wahu aliteremka kutoka barazani. "Ni zile zile?"

"Za kushoto, madam. Za kulia zimekaza kuliko venye niliziwacha."

"Were! Kuja hapa. Hizi rimu ulikuwa umepata mteja wapi?"

"Madam, mimi naosha tu," Were alisema. "Rimu ya gari kama hii nitamuuzia nani? Mwenye baiskeli?"

"Unanichekesha?"

"Hapana, madam. Niko na watoto watatu kwa shule. Siwezi kuchezea hii kazi."

Muthama alisimama, akapangusa mikono. Hakupenda kuingilia mambo ya nyumba za watu, lakini alisema.

"Si yeye, madam. Angalia masikio ya hizi za kulia. Zimegongwa juzi, alama bado inang'aa. Huyo mtu aligonga zote nne. Lakini upande wa kulia nati imekatwa kinyume. Ukiigonga kama ya kushoto, unazidi kuikaza. Huyo mtu hakujua. Were anajua, nilimwonyesha mwenyewe."

Akampa Were nyundo ya shaba. Were aliinama kwenye gurudumu la nyuma la kulia, akagonga sikio la nati kuelekea upande usiotarajiwa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nati ikafunguka.

Wahu aliitazama, kisha akageukia lango.

"Sawa. Basi kuna mtu amepita kwa lango mara tatu na wewe hukumwona."

"Hakuna mtu alipita, madam. Haki ya Mungu."

"Kama hakuna mtu alipita, ni wewe."

Were alimrudishia fundi nyundo yake.

Mzee Gichuru alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, mkono wake wa kulia umo chini ya shuka, na chai yake imepoa mbele yake. Alilitazama gari kama mtu atazamaye ukuta.

"Baba, unasema aje?"

"Fanya vile unaona," mzee alisema.

Were hakubishana. Alivua koti la ulinzi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti cha langoni. Vitu vyake vya miaka sita vilienea katika mfuko mmoja wa plastiki. Lango alilifungua mwenyewe, kama alivyozoea kuwafungulia wengine, akashika njia ya kuelekea barabara kuu ya Waiyaki Way. Wala hakuna aliyemuaga.

"Fundi," Wahu alisema, sauti yake sasa imetulia, "kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa. Hata hizo mbili zikilegea tena, utazikaza na tutaenda. Baba ataendesha. Mimi nitakaa kiti cha mama."

Akaingia ndani kupiga simu, atafutiwe mlinzi mwingine.

Muthama alizikaza nati zote nne, moja baada ya moja, akihesabu mapigo. Mikono yake ilifanya kazi yake ilivyozoea. Moyoni hakuhisi hasira wala huruma. Alimwambia yule mwanamke ukweli, na ukweli haukumsaidia mtu. Alipanga vyombo vyake katika mfuko, akaufunga.

Kokoto zililia nyuma yake. Mzee Gichuru alikuwa ameteremka barazani, shuka bado mabegani. Alitazama dirisha ambako sauti ya binti yake ilisikika, kisha akalitazama lango lililoachwa wazi.

"Fundi," aliuliza kwa sauti ya chini, "hizo mbili za kulia, unasema hugongwa kuelekea wapi? Wiki tatu nimezigonga mpaka mkono umekufa ganzi."