Bila Kipimo, Hakuna Upasuaji

"Simama, kaa! Simama, kaa! Mara tano, mikono kifuani. Usishike kiti, babu, nakuona!"

Babu nani? Mzee alitaka kufoka, akajizuia. Wajukuu wake walikuwa wanne, na huyu muuguzi mkuu hakuwa mmoja wao.

Lakini afanyeje? Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari tangu asubuhi, vifaa vimechemshwa, mtu wa dawa ya usingizi anapiga miayo. Mawe yale ya kwenye nyongo yalishatesa vya kutosha, hayakuwa ya kungoja wiki nyingine. Na sharti lilikuwa moja tu: mzee asipofaulu kipimo cha udhaifu wa uzeeni, hakuna kisu.

Magoti yakalia ko, ko, ko. Akamaliza, anahema.

"Sekunde kumi na nne," alisema muuguzi, akiitazama simu yake. "Mwisho ni kumi na tano. Umeponea chupuchupu."

"Umechelewa kuibonyeza hiyo simu."

"Kamlalamikie aliyeweka sharti. Mimi nimetumwa tu."

Akapewa kishikio cha kupimia nguvu za mkono. Akakikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshale ukapanda, ukasita, ukavuka mstari mwekundu kwa shida. Mzee akashusha pumzi.

"Mwaka huu umeanguka mara ngapi?"

"Sijaanguka."

"Na ile siku ya ngazi za stoo?"

"Aa, ile sikuanguka. Niliteleza, nikakaa."

"Ukakaa ngazi tatu mfululizo, tukakuinua watu wawili." Muuguzi akaandika: mara moja. "Dawa unazomeza kila siku?"

"Ya presha."

Muuguzi akamkazia macho.

"Na ya kisukari. Na ya mgongo, lakini hiyo nikiikumbuka."

Mlangoni vichwa viwili vya wauguzi vijana vilikuwa vimechungulia, kimoja kimejiziba mdomo. Mzee akaona haya, haya ya kweli. Mtihani hajafeli tangu azaliwe, leo aje kufelishwa na kiti! Tena aliogopa. Kisu hakikumtisha hata kidogo. Alichoogopa ni kuambiwa basi, umri wako umetosha, nenda nyumbani ukapumzike.

"Chora saa. Iwe saa tano na dakika kumi."

Akachora. Duara lilitoka zuri, mishale ikakaa mahali pake. Muuguzi akaigeuza karatasi huku na huku.

"Hii ni nane au ni mdudu?"

"Ni nane!"

"Haya, nimekubali. Ule mwandiko wako tumeshauzoea. Sasa, nilikutajia vitu vitatu mwanzoni. Vitaje."

"Kengele," alisema mzee haraka. "Ndoo." Halafu kichwa kikawa cheupe, pe! Akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Akaanza alfabeti kimoyomoyo, akafika katikati, jasho linamtiririka mgongoni.

"Kitunguu!" alipiga kelele, na wale wa mlangoni wakashangilia kama timu yao imefunga bao.

"Bado kimoja. Nyoosha mikono, tanua vidole."

"Hicho hakimo. Karatasi hii naijua yote."

"Kimeongezwa leo, kwa kalamu."

Mzee akanyoosha mikono. Muuguzi akaweka kipande cha karatasi juu ya vidole, akainama kukitazama kwa karibu. Hakuna aliyecheka sasa. Sekunde zikapita, mzee hapumui, na karatasi ikatulia tuli.

"Umefaulu, babu," alisema muuguzi, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole.

Mzee alitamani kucheza. Magoti yakamshauri aache.

"Usifurahi mapema," muuguzi akamwambia. "Anayetia sahihi si mimi."

Wakaingia chumba cha pili, kwa mwenye uamuzi. Naye hakuwa na haraka. Alivaa miwani, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, huku mzee amesimama mbele yake, mikono nyuma, roho juu. Alipofika kwenye habari za kuanguka akaguna. Alipofika kwenye ile saa akaikodolea macho, akatikisa kichwa. Mwishowe akaomba kalamu, akatia sahihi yake pole pole.

"Wiki iliyopita ulinisimamisha na kunikalisha mpaka nikaona nyota, nikasema sawa, na wewe zamu yako inakuja," alisema bibi wa miaka themanini na mmoja, akajilaza tena kitandani na kujivutia shuka. "Haya, Daktari. Kanawe mikono, uje unitoe hayo mawe."