Hongera kwa Taa

Siku hizi, nyumba iliyomtoa mtu wake afungwe kwa kosa la bangi hupewa umeme wa bure mpaka mfungwa arudi, nalo gereza hulipwa kwa kila kichwa. Ndiyo maana mtaani kwa Sikudhani, nyumba zenye taa ndizo zenye pengo mkekani wakati wa kula. Wapitao husema, "Hongera kwa taa," na wenyeji huitikia huku wameinamisha macho.

Asubuhi hiyo Sikudhani alikuwa akifua. Katika mfuko wa shati la mwanawe, Chande, alikuta kipakiti cha bangi. Chande ana pumu. Hata moshi wa jikoni humtoa mbio. Sikudhani akakifunga kipakiti kwenye pindo la kanga yake.

Mumewe, Mbwana, alichungulia uani. "Mama Chande, shati la kijana umeshalifua?"

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuliza habari za nguo.

"Bado, baba. Kuna nini?"

"Aa, nauliza tu." Akaenda kuoga, akipiga mluzi.

Jirani, Mama Tunu, akaegemea ua. "Shoga, hongera kwa taa! Mzee wako kasema mnaingiza friji kesho."

"Taa gani? Sisi wote tupo."

Mama Tunu akaziba mdomo, akarudi ndani kwake.

Sikudhani aliingia sebuleni. Chande alikuwa akinywa chai, akimtania paka. Kwenye msumari wa mlango, koti la Mbwana lilining'inia, mifuko wazi. Sikudhani akasimama mbele ya koti hilo, vidole juu ya fundo la kanga lenye kipakiti, akisikiliza maji ya bafuni.